Barua ya Wazi: Mheshimiwa, Tufungulie Korido ya Ziwa

Mheshimiwa,

KUH: NJIA YA UMMA YA KUSHUKIA ZIWA NAIVASHA

Pokea salamu zangu za heshima. Barua yangu ya kwanza ilifika ofisini kwako ikagongwa muhuri, na nakala ninayo. Ya pili nayo iligongwa muhuri. Nilipoleta ya tatu, karani aliniambia niende nyumbani, nitapigiwa simu. Simu yangu haijazimwa hata siku moja tangu hapo.

Leo nakuandikia hadharani kwa sababu ya jambo lililotokea Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Binti wa miaka 17 ninayemfundisha kukimbia aligongwa na kioo cha pembeni cha lori kwenye Moi South Lake Road, akarushwa mtaroni. Mtulinga umevunjika. Dereva hakusimama. Nilimbeba mimi mwenyewe hadi kwenye bodaboda, yeye akiwa katikati na mimi nyuma nikimshika mkono usining'inie, na njia nzima alikuwa akiniuliza kitu kimoja tu: “Kocha, nitakimbia mashindano ya kaunti?”

Mheshimiwa, mtoto yule hakupaswa kuwa kwenye lami. Hakuna hata mmoja wetu aliyepaswa kuwa kwenye lami. Tulikuwa na njia yetu.

Naomba nikueleze njia hiyo, maana sina hakika kama umewahi kuipita kwa miguu. Unaacha barabara kuu na kuingia korido, ile njia ya umma iliyoachwa kati ya shamba na shamba ili watu na mifugo wafike majini. Ni pana, kundi la ng'ombe hupita bila kusuguana na waya. Udongo wake ni ule wa kijivu wa majivu ya volkano, laini, unaomeza kishindo cha mguu. Ukishuka unakutana na migunga, ile yenye magome ya manjano, na chini yake kuro wamesimama wakikutazama bila hata kukimbia, kwa kuwa walishatuzoea. Kisha unapinda kushoto kufuata ufuo. Upande mmoja mafunjo na maji, upande wa pili ukuta wa mawe wa shamba la zamani, nyumba ya mlowezi yenye baraza ndefu, na safu ya miti iliyopandwa na mtu ambaye hakuna kati yetu aliyemwona. Furukombe analia juu ya mti mkavu. Unapanda kwa korido ya pili hadi barabarani. Mzunguko wote ni kama kilomita 9, na kwa miaka 6 nimewakimbiza vijana hapo bila hata mmoja kuteguka kifundo.

Sisi hukimbia alfajiri kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ziwa lenyewe. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, maji yanayochafuka, na kila mwenyeji anajua kwamba asubuhi ziwa limetulia na alasiri upepo unalipiga. Ya pili ni kazi. Mimi nasimama saa nane kwa siku kwenye chumba cha kupanga maua. Nikitoka magoti yamejaa na vidole vinanuka dawa. Alfajiri ndiyo saa yangu pekee, na nimewapa vijana hawa tisa saa hiyo bila malipo. Sijutii. Ninachoomba ni mahali pa kuwapeleka.

Geti liliwekwa mwaka jana. Mwanzo lilikuwa la miti miwili, tukawa tunainama na kupita. Baadaye likawekwa la chuma, likapigwa kufuli, na pembeni pakavutwa waya wa stima. Mlinzi, ambaye ni jirani yangu na hana kosa, alisema ameambiwa asimruhusu mtu. Nikamuuliza na nani. Akasema ni amri kutoka juu. Juu wapi, hakusema. Wengine wanasema ni kwa sababu ya wizi wa mabomba ya maji. Wengine wanasema panajengwa nyumba za kupangisha wageni na mwenye shamba hataki watu wenye jasho mbele ya dirisha. Mimi nadhani sababu kubwa ni ziwa kupanda, na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Unakumbuka mwaka 2020, maji yalipoingia mtaa wa Kihoto na watu wakahama na magodoro kichwani. Maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda karibu yote. Kwetu, maji yalimeza ule ufuo wa chini tuliokuwa tukikimbia. Sisi tukasogea juu kidogo, kama walivyosogea wavuvi, kama walivyosogea viboko. Lakini ua haukusogea. Ndipo mwenye ua akatukuta tuko karibu na ukuta wake, akaona tumevamia. Kumbe ni maji yaliyotusukuma. Ardhi ya ufuoni haikai mahali pamoja kama kiwanja cha mjini. Ziwa hili hupanda na kushuka, na hata walowezi wenyewe walilijua hilo, maana walikuwa na makubaliano yao kuhusu ardhi ya ufuoni tangu miaka ya 1930. Sasa pale penye ua na maji pamebaki ukanda ambao pengine unafika hatua kumi, pengine tatu.

Na katika hatua hizo tatu anapita kiboko.

Wewe ni mwenyeji wa hapa, sina haja ya kukufundisha. Kiboko hutoka usiku kulisha na hurudi majini kunapopambazuka. Mtoto wa hapa hufundishwa kabla hajajua kusoma: usisimame kati ya kiboko na maji. Ua ule unatulazimisha kusimama hapo hapo. Kabla hatujaacha kabisa kupita ufuoni, tulikutana na mmoja kwenye ule mwanya. Nilisikia mafunjo yakivunjika kabla sijamwona. Niliwaambia vijana walale chini kwenye tope, na tulilala hapo huku masikio yangu yakisikia pumzi yake. Akapita. Siku ile niliapa kwamba siwapeleki tena mpaka korido ifunguliwe, na hivyo ndivyo tulivyohamia barabarani, kwenye malori ya maua na mboga na matatu zinazokimbizana na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi. Tulikimbia kiboko, tukaangukia lori.

Ulikuja kwenye baraza yetu wakati wa kiangazi. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilinyoosha mkono, nikasimama, nikauliza kuhusu korido. Ulinijibu mbele ya watu kwamba mpima ardhi atakuja kabla ya masika, mawe ya mipaka yatawekwa, na geti lolote lililo kwenye njia ya umma litaondolewa. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga. Masika yamekuja yakaisha. Vuli zimekuja. Mpima ardhi hajaonekana, jiwe halijawekwa, na kufuli imeanza kushika kutu.

Nimeambiwa na watu wenye nia njema kwamba ninalilia jambo dogo, kwamba kukimbia ni starehe na watu wana njaa. Nawaheshimu, lakini hawajui vijana hawa. Ziwa letu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Si Iten, ule mji wa wakimbiaji, ambao uko mita 2,400, lakini ni urefu unaotosha kumjenga mkimbiaji. Iten wana barabara za vumbi zinazolinda miguu yao. Hapa kwetu, mtoto akikimbia lami kila siku, mundi wa mguu unaanza kuuma kabla hajafikisha mwaka. Nina kijana mmoja ameacha shule kwa karo, na matumaini yake yote yako kwenye mita 5,000. Njia ile ndiyo uwanja wake. Hana mwingine.

Wengine wameniuliza kwa nini tusikimbie Hell's Gate. Ni kweli, ni moja ya mbuga chache ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, na ni pazuri mno. Lakini getini kuna ada. Vijana tisa, siku sita kwa wiki, ada hiyo ingetoka wapi?

Wala hatudai kuingia kwenye bustani ya mtu. Mimi nayapenda mashamba yale ya zamani. Nimewapeleka vijana Elsamere, wakaona nyumba aliyoishi Joy Adamson, yule mwandishi wa kitabu cha simba Elsa, na mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe kwenye miti yake. Wakiwa mashuani hapa ziwani wameona lile jumba jeupe lenye kuba lililojengwa miaka ya 1920, ambalo Wazungu waliliita Djinn Palace. Nataka wajue historia ya mahali walipozaliwa. Nataka wajue pia kwamba kabla ya nyumba hizo hapa palikuwa malisho ya Wamaasai, walioondolewa kwa makubaliano ya 1904, na kwamba ng'ombe walikuwa wakinywa maji haya kabla ya ukuta wa kwanza kujengwa. Korido ndicho kipande kidogo kilichobaki cha njia hiyo ya kale. Tukikipoteza hicho, tutakuwa wakaaji wa kando ya ziwa tusioliona ila kupitia kwenye matundu ya ua.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imeyataja maziwa katika orodha ya ardhi ya umma. Mimi si wakili, nilisoma mwenyewe, polepole, mara mbili. Ziwa ni letu sote. Lakini ziwa la umma lisilo na njia ya umma litafikiwa vipi, Mheshimiwa? Kwa kuruka?

Barua zangu za awali zilikuwa na maombi mengi. Niliomba vibao, niliomba njia ya miguu kando ya lami, niliomba matuta pale kwenye kona, niliomba ofisi yako ikae na wenye mashamba na vikundi vya wavuvi na sisi tukubaliane ziwa likipanda njia ipite wapi. Bado nayahitaji yote. Lakini tangu Jumanne nimebaki na ombi moja, na nalirudia ili lisipotee kati ya karatasi: fungua korido. Mlete mpima ardhi, aweke mawe, aondoe geti. Kama kuna hatimiliki inayosema ile si njia ya umma, ionyeshwe barazani tuisome. Kama haipo, fungua korido.

Mama yake binti huuza samaki mtaani Karagita. Nilipokwenda kumpa habari aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye leso, akaniuliza kwa nini nilimpeleka mwanawe barabarani. Sikuwa na jibu. Nilimwambia njia imefungwa. Akaniuliza imefungwa na nani. Hilo pia sikuwa na jibu lake, na ndiyo maana nakuuliza wewe.

Vijana wanane waliobaki hawajaacha mazoezi. Kesho saa kumi na mbili kasoro robo tutakuwa pale getini kama kawaida, na tutangoja dakika kumi. Tukikuta bado limefungwa, itatubidi tupande tena barabarani.

Wako kwa heshima,

Kocha wa vijana, South Lake, Naivasha