Gati binafsi sawa, ila mtuachie pa kupita

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimelibeba muda mrefu na mke wangu kashachoka kunisikiliza.

Mi naishi kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, na niseme mapema nisije nikaitwa mnafiki, hata mimi nina gati. Si gati la kutisha, ni mbao zimepigiliwa juu ya mapipa ya bluu ya plastiki, yale ya lita 200, limefungwa kamba kwenye mti, naegesha kaboti kangu hapo na watoto wa mtaa wanalitumia kurukia majini, ukiwafukuza wanarudi. Maji yakipanda linapanda, yakishuka linashuka, nikiambiwa leo litoe nalitoa kabla ya chai ya saa nne.

Sasa kuna jirani, hatua kama themanini toka kwangu, yeye kamwaga kifusi. Lori baada ya lori, mawe kwanza halafu zege juu, gati limeingia ziwani kama barabara, na pembeni uzio wa seng'enge umeshuka mpaka ndani ya maji. Ile njia ya ufukweni ambayo kina mama wa dagaa wanapita alfajiri tangu mi mdogo, imekatika, inabidi upande juu mpaka barabarani uzunguke ndo ushuke tena mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Juzi mama mmoja akaamua liwalo na liwe, kakunja kanga, kaingia maji ya mapajani na beseni kichwani azunguke mwisho wa uzio, mlinzi akamrudisha kwa filimbi. Nilikuwepo. Hakugombana, akatua beseni, akakamua kanga, akaanza kupanda kilima.

Nikaenda kuuliza maofisini. Dirisha la kwanza wakaniambia hilo ni la mazingira, la pili hilo ni la vyombo vya majini, la tatu hilo ni la ardhi nenda kaone mtu wa ardhi, na mtu wa ardhi yuko semina.

Sheria ipo jamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Safi. Ila gati likae mita 60 toka majini litakuwa gati la kuegesha nini, bajaji? Ndo maana kila mwenye gati anaishi kwa huruma ya mkaguzi, mwenye nacho anaongea vizuri na asiye nacho anavunjiwa. Halafu hizo mita 60 zinaanzia wapi? Mwaka 2020 ziwa lilijaa likaipita hata rekodi ya 1964, watu walioenda kulala nchi kavu wakaamka na kambale mlangoni. Ukingo ni ule wa 2020 au wa leo? Wenzetu Uganda kanuni zao za mwaka 2000 zinataka mita 200 kwa ziwa hilihili na zimetaja kabisa pa kuanzia kupima, pale maji yanapofika yakiwa chini.

Na nguzo na kifusi si kitu kimoja, hapa ndo nataka wataalamu wanisikie. Gati la nguzo au la mapipa maji yanapita chini yake. Ukifukia, upande mmoja mkondo unakufa, magugu maji yakisukumwa na upepo yananasa hapo hayatoki, maji yanatuama, na konokono wa kichocho wanapenda hivyohivyo, maji yaliyotulia na majani, halafu watoto wanaogelea palepale. Sato nao wanataga maji ya kina kifupi, ukimwaga mawe hapo unafukia mazalia yao.

Sisemi wenye hoteli na majumba wasiwe na magati, wageni wao ndo wanakodi boti zetu kwenda kisiwa cha Saanane. Nachotaka halmashauri zitunge sheria ndogo moja inayoeleweka, kibali kitoke dirisha moja, kifusi marufuku, urefu upimwe kwa hatua mtu yeyote aweze kuhesabu, na uzio uishie mbali na maji ili mwenye beseni apite bila kuomba ruhusa kwa mbwa. Ada iwepo, ila ya mapipa manne isilingane na ya gati la boti la kitalii.

Mi barua yangu ya kuombea kibali nishaiandika, nakala tatu, na picha ya mapipa nimebandika. Nangoja tu mtu wa ardhi arudi semina.

Msomaji wako,
Mwanza