Mkanda wa kiuno hauchukui nafasi ya misuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia tunakutana nalo kila siku, nalo ni mazoea ya kutibu maumivu ya kiuno kwa mkanda na kulala kitandani. Mgonjwa hufika akiwa amejikaza mkanda mpana alionunua dukani, hauvui ila anapokwenda kuoga, na maumivu bado hayajamwacha.

Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno yaliyopita miezi 3, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza elimu na mazoezi, likashauri mikanda isitolewe kama tiba ya kawaida. Mgongo wa chini na nyonga hushikiliwa na misuli ya ndani: ule unaolizunguka tumbo, ile midogo inayoshika pingili za uti wa mgongo, kiwambo cha kupumulia kwa juu na misuli ya sakafu ya nyonga kwa chini. Mwaka 1996, Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walionyesha kwamba mtu mzima wa afya anapoinua mkono, msuli huo wa tumbo hutangulia kukaza, ilhali kwa mwenye maumivu ya kiuno huchelewa.

Kuuamsha hakuhitaji vifaa. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, kisha weka ncha za vidole ndani kidogo ya mifupa ya mbele ya nyonga na ukohoe polepole; kile kinachosukuma vidole ndicho msuli wenyewe. Sasa ukaze taratibu bila kukohoa na bila kubana pumzi. Ukishauzoea, piga magoti na kushika chini kwa viganja, unyooshe mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto kwa sekunde 8 hadi 10, nyonga ikiwa imetulia bila kuinama upande, halafu ubadilishe. Hakuna zoezi moja linaloyashinda mengine yote. Linalosaidia ni lile linalofanywa kwa utaratibu na kuongezwa kidogo kidogo. Kujikunja tumbo kwa haraka huku umejivuta shingo, kama tunavyoona katika mazoezi ya vikundi mwisho wa wiki, simshauri mwenye maumivu aanzie hapo. Anayepata ganzi katikati ya mapaja, anayeshindwa kuzuia haja au anayeishiwa nguvu miguuni aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaonisikitisha zaidi ni akina mama waliojifungua. Ujauzito hulegeza kano za nyonga na kuyatanua matumbo yao, kisha wakirudi nyumbani hufungwa khanga, nasi tukadhani kazi imekwisha. Mila hiyo siipingi, kwa kuwa humpa mzazi faraja, lakini khanga ikifunguliwa msuli uliolegea hubaki ulivyokuwa, na mama huyo huyo ndiye atakayeinama kufua na kubeba ndoo.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia kliniki za mama na mtoto watumie hudhurio la wiki ya 6 kumlaza mama kitandani na kumwonyesha mazoezi haya kwa vitendo, badala ya kumwambia tu kwamba apumzike.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Tanga