Mapinduzi Cup ilikuja Gombani, muziki unashindwa nini?

Mhariri, Assalaam aleikum.

Barua yangu itakuwa ndefu na ukurasa wenu najua mdogo, mkiikata sawa, ila naomba msiikate pale penye ngoma yetu ya kibati mana ndo hasa nliloandikia.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi la mpira lililetwa kwetu Pemba, uwanja wa Gombani. Kabla yake tulisikia kila neno, mara Pemba hakuna hoteli za kutosha, mara usafiri wa shida, mara nani ataacha kulala ende uwanjani usiku. Wakaja Kenya, wakaja Burkina Faso, wakaja Kilimanjaro Stars, taa zikawashwa, watu wakatoka Konde mpaka Kengeja wamepandana kwenye gari, na siku ya fainali timu yetu, Zanzibar Heroes, wakawafunga Burkina Faso 2-1 kombe likabaki nyumbani. Tokea siku ile sijamsikia tena mtu kuuliza habari za hoteli.

Sasa mi nauliza, muziki unashindwa nini kuja?

Nasema hivi kwa sababu kila ikifika Februari tunaletewa habari za Sauti za Busara, tamasha la muziki la Mji Mkongwe kule Unguja, kwenye redio, kwenye simu, kwa jamaa zetu walioko mjini, na kweli ni tamasha la kujivunia, limeanza 2004 pale Ngome Kongwe na mwaka lililokosekana ni 2016 kwa ajili ya fedha za wafadhili, hata 2021 wakati dunia imefunga milango kwa korona wao walipiga. Kinachonifurahisha mimi zaidi ni ile sharti yao ya kupiga laivu, ukipanda steji unapiga chombo na unaimba kwa sauti yako, hakuna kuwekewa pleibeki ukawa unachezesha mdomo. Skuizi shoo nyingi za wikiendi unalipa kiingilio chako kizima halafu unaenda kuangalia mtu anakimbizana na flashi yake mwenyewe, wimbo unaimba yeye anapunga mkono, maiki kaishusha kiunoni na sauti bado inatoka. Wallahi bora nikae nyumbani nisikilize redio.

Lakini kwa mtu wa Wete, tamasha la Mji Mkongwe ni safari. Tiketi za wenyeji wamezifanya nafuu kuliko za wageni na tunashukuru, ila tiketi ndo kitu kidogo kuliko vyote. Kuna nauli ya kwenda bandarini Mkoani, kuna boti kwenda na kurudi, kuna bahari ya Nungwi pale kaskazi likivuma (aliyevuka Februari anajua nnachosema, mifuko ile ya kutapikia hawaigawi kwa mapambo), kuna kulala, na kama huna shangazi Mwanakwerekwe basi ujue wikiendi ile gesti za mjini hazikamatiki. Mtu na mkewe na watoto wawili hiyo ni pesa ya kuezekea banda. Kwa hiyo wanaokwenda ni vijana wachache na watumishi walobahatika kuwa na semina wiki hiyo hiyo.

Na sio Busara tu, sitaki nionekane nawasakama, wao ni watu wa mjini wamefanya yao mjini. Nawasema wote wenye kuandaa, wizara, makampuni yanayodhamini, na sisi wenyewe tuliokaa kusubiri.

Haya tuje kwenye kibati. Kwa msomaji asiyekijua, kibati ni ngoma ya Pemba, watu wawili wanasimama mbele wanajibizana kwa mkupuo, maneno yanatoka mbio mpaka huoni pa kuvutia pumzi, mengi wanayatunga pale pale, ngoma chini yake hazisimami, halafu kundi zima linaingia na kiitikio na wachezaji wanasogea. Niliwahi kukiona arusini huku kwetu mashamba, mzee mmoja anamdai mwenziwe jamvi la kuanikia karafuu aliloliazima msimu uliopita, mwenziwe anajibu kuwa jamvi lilikuja na kunguni na yeye ndo anamdai dawa, yule anarudi kuwa kunguni wenyewe ni wa kwa mkweo, na kila jibu linabeba mwisho wa jibu lililopita na kuligeuza, mpigaji wa ngoma akisikia neno zito anakaza kidogo ili watu wapate kucheka kisha analegeza. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa kajiziba mdomo kwa kanga na machozi yanamtoka. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Kesho yake nlijaribu kumhadithia mtu nikashindwa, mana ukitoa kasi na ngoma hakibaki kitu.

Sasa hichi kitu kinatumiwaje? Kinatumiwa kumpokea mgeni rasmi. Nshaona mara nyingi, sitaji hafla wala taasisi, kikundi kimeitwa saa mbili asubuhi, mgeni anafika saa tano, watu wazima wamesimama juani na sare zao, misewe, zile njuga za ngoma ya msewe, imeshafungwa miguuni (wale wa msewe ndo wanaoteseka zaidi mana ile ukishaifunga huwezi kukaa vizuri), gari zinaingia, mnapiga dakika saba, mgeni anatikisa kichwa, anapita, em-sii anachukua maiki na kusema tuwapigie makofi burudani yetu, halafu spika zinawekwa nyimbo za kompyuta. Maiki ilikuwa moja na ilikuwa ya em-sii. Hao waliojibizana hakuna aliyesikia hata neno moja kuanzia safu ya tatu kurudi nyuma, na kibati bila maneno ni watu wanaopiga kelele tu. Mwisho soda, na posho inayogawanywa mpaka inabaki nauli.

Hata kwenye matamasha makubwa ngoma zetu mara nyingi mtazikuta kwenye paredi ya mtaani au saa za jioni jua halijatua na viti vitupu. Sio kila mara, na paredi yenyewe mi naipenda, beni likipita mtaani hata mgonjwa anachungulia dirishani. Ila kupita barabarani na kupiga steji ni mambo mawili.

Nnachotaka mimi ni tamasha la wikiendi moja Pemba, Ijumaa usiku mpaka Jumapili, muziki wa kila aina na wote laivu, na ndani yake kikundi cha kibati kipewe saa nzima, saa tatu usiku, wakati watu wamejaa, na maiki mbili za wajibizanaji, maiki za ngoma, maiki za waitikiaji, na fundi mitambo aliyekaa nao mchana akawasikiliza. Saa nzima, kama anavyopewa msanii wa albamu. Na msije mkatuambia kibati kizibe pengo wakati mafundi wanahamisha mitambo ya bendi inayofuata, mana hilo nalijua litapendekezwa kwenye kikao cha kwanza.

Wengine wa kuwaita wapo karibu. Watu husahau Pemba imekaa wapi. Tanga iko hapo ng'ambo, umeme tunaowasha usiku unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, kama umeme umeweza kuvuka basi na wanamuziki watavuka. Tanga ndo nyumbani kwa vikundi vya Black Star na Lucky Star waliobadilisha taarab ya pwani nzima kwa magita ya umeme. Juu yetu Mombasa na Lamu na chakacha zao, huku Komoro na twarab yao, na Unguja waje Culture Musical Club na Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya tangu 1905, kuna watoto wa Chake wanajua taarab kwa keyboard moja na spika tu, hawajawahi kuona kwa macho yao kanuni, kile chombo cha nyuzi, inavyopigwa, mpigaji kavaa vile vipete vya kudonolea vidoleni na fidla zimepangwa ubavuni kwake, wala hawajasikia besi kubwa ikitikisa ubao wa steji. Mtoto akishaona vile hata mara moja anaanza kuuliza, hicho nacho kinafundishwa wapi. Wanaofundisha wapo, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimefunguliwa 2002, ila kipo Unguja, tunarudi pale pale.

Na zenji fleva pia, na singeli kama wanataka vijana, mradi bendi iwepo nyuma. Hapo sitaki mjadala.

Tarehe. Wengi watasema Februari au Julai kwa ajili ya watalii. Mi nasema tuangalie karafuu. Msimu ukiwa mzuri ndo wakati Pemba pesa inatembea, arusi zote zinawekwa hapo, mtu kashauza gunia lake atatoa kiingilio bila kuguna, na msimu ukiwa mbaya hata mngefanya bure watu watakuja kwa kuangalia nyuma. Karafuu haizai sawa kila mwaka, kwa hiyo waandaaji wakae na watu wa mashamba kabla ya kuchapisha mabango. Tena Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka siku kumi au kumi na moja, 2027 inatarajiwa kuingia kwenye tarehe 8 Februari hivi, na 2028 itaanza Januari mwishoni, maana yake Februari yenyewe kwa miaka hiyo imebanwa kwa kila mtu Zanzibar nzima.

Najua lipo neno jengine linangojwa niliseme. Pemba watu wa dini. Ndio, na mimi mmoja wao, na ndo mana nataka tuandae wenyewe kabla hajaja mtu wa nje akatuandalia asivyotujua. Ikiadhiniwa vyombo vinazimwa, na Ijumaa hakianzi kitu mpaka watu watoke isha. Pombe haiuzwi pale wala jirani na pale. Kinamama wawe na upande wao na mlango wao, wenye kutaka kukaa na familia zao wakae. Kuhusu kasida, wapo waliosema nlipoligusia jambo hili barazani kuwa kasida isichanganywe na magita, na nakubaliana nao, dufu na kasida zina mahala pake na hazihitaji kuchomekwa kwenye ratiba ili tamasha lionekane la heshima. Lakini wanaosema Pemba haitaki ngoma, hao hawajafika Pujini siku ya mchezo wa ng'ombe.

Mahala pa kufanyia sioni tabu. Gombani ikiwa itaharibu zulia la uwanja, Tibirinzi ipo, mikutano ya siasa inajaa pale watu mpaka barabarani. Ngome yetu ya Chake msiifikirie, ni makumbusho na nafasi yenyewe finyu. Tabu ninayoiona mimi ni usiku, gari za Konde, Micheweni na Mkoani haziwi saa sita za usiku, na tamasha ambalo mtu wa Micheweni anaondoka saa tatu kuwahi gari litakuwa la watu wa Chake peke yao. Pesa za kukodi daladala zipigiwe hesabu mapema pamoja na pesa za jenereta na za mafundi, sio zikumbukwe Ijumaa mchana.

Na malipo ya vikundi yaandikwe. Kikundi cha ngoma kina watu kumi na tano, ishirini, wengine wavuvi, wengine wanaacha shamba, ukikilipa sawa na msanii mmoja aliyekuja na begi la mgongoni umekilipa posho ile ile ya mgeni rasmi. Mkataba usomwe mbele ya wote, na kama shoo inarikodiwa ijulikane nani ataiuza na wao wanapata nini.

Wakianza kwa udogo, usiku mbili na steji moja na vikundi vinane, mi mwenyewe nishaongea na baraza yetu hapa Wete, wapo walosema watatoa nyumba za wageni kulala na yupo wa kupika. Anayehusika wizarani au kwenye kamisheni ya utalii akiisoma barua hii atujibu humu humu gazetini, mana simu zao hazipokelewi, na atuambie wazi kama tatizo ni pesa, au ni ruhusa, au hajawahi kukisikia kibati.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba