Waambieni vijana yote kuhusu masta ya misitu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa elimu huwa siuruki, ila kuna jambo linanikera kila mnapoandika habari za kusoma masta ya misitu, mnaeleza vizuri kabisa mtu anavyoingia halafu mnaishia hapo, digrii ya kwanza, wastani wa alama, barua za wadhamini wawili watatu, cheti cha lugha, basi. Hayo ni ya mlangoni. Yale yanayofanya mtu apewe hiyo shahada hamyasemi, na vijana wanaingia bila kujua kama nilivyoingia mimi.

Kwanza masta ya misitu ina njia mbili. Kuna ya utafiti, hiyo lazima uandike tasnifu na uitetee mbele ya jopo, na kuna ya kozi, unasoma masomo mengi zaidi halafu unamalizia na mradi, mfano kuandaa mpango wa kusimamia msitu fulani kwa miaka kadhaa. Mwenye nia ya kuendelea na PhD akichukua ya kozi bila kujua, anaweza kuja kukwama huko mbele kwa sababu hana utafiti wa kuonyesha. Muulize chuo kabla hujalipa chochote.

Halafu krediti, yaani vile vipimo vya wingi wa masomo unayotakiwa kumaliza. Watu wanabishana eti Ulaya ni kugumu maana wanadai krediti 120 wakati Marekani vyuo vingi vinadai 30 na kidogo, jamani hicho sio kipimo kimoja, kwa hesabu ya Ulaya mwaka mzima wa masomo ni krediti 60 kwa hiyo 120 ni miaka 2, na Marekani nako wengi inawachukua miaka 2 hiyo hiyo.

Swali lingine naulizwa sana, je mtu aliyesoma kitu kingine anaweza? Anaweza, vyuo vingi vinapokea watu wa biolojia, jiografia, kilimo, hata uchumi, ila wanapewa kozi za kuziba pengo, kutambua miti, udongo, ikolojia, na mara nyingi kozi hizo hazihesabiwi kwenye krediti za masta. Darasani kwetu alikuwepo mwenzetu wa uchumi, kwenye hesabu alituacha mbali, lakini kila jioni unamkuta ana bahasha la majani makavu anakariri majina ya Kilatini ambayo sisi tuliyajua tangu mwaka wa kwanza wa digrii. Alimaliza, ila alichelewa muhula mmoja.

Sasa niseme la upimaji, maana hapa ndipo watu wanapoangukia. Mti unapimwa unene kwenye urefu wa kifua, nchi nyingi ni mita 1.3 kutoka chini, na kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Hayo nilimfundisha vizuri msaidizi wangu wa kukusanya data za tasnifu. Nilichosahau ni tepu. Kuna tepu maalumu ya miti, alama zake zimeshagawanywa kwa pai, yaani 3.14, ukiizungushia shina inakusomea kipenyo moja kwa moja, na kuna futi ya kamba ya kawaida ambayo inakupa mzingo, yaani urefu wa kulizunguka shina. Siku kadhaa tulitumia ile ya kawaida na yeye akawa anajaza namba kwenye safu ya kipenyo, mti wa sentimita 30 ukaandikwa 94. Na kwa vile eneo la shina linapatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa chenyewe, kosa likawa karibu mara kumi! Mtu atasema si ungegawa kwa 3.14 yaishe, ningegawa, ila siku nyingine tulitumia tepu ile maalumu na fomu haikuonyesha ipi ni ipi. Nikarudi msituni kupima upya ploti 18, yaani vile vipande vya msitu vilivyotengwa kwa kupimia, mvua zimeshaanza, na tarehe ya kukabidhi tasnifu haikusogezwa hata siku moja.

Kingine ni muda. Miti haikui kwa kufuata kalenda ya chuo. Ukitaka kuandika tasnifu ya ukuaji wa miti ndani ya miaka 2 huwezi kukaa unasubiri ikue, unatafuta ploti za kudumu ambazo wenzako waliotangulia walizipima miaka na miaka, unapima awamu yako na kulinganisha na zao. Sasa kupata ruhusa ya hizo data, na kibali cha kuingia msituni kwenyewe, inaweza kula miezi, na wengi wanaanza kuomba wakati wenzao wameshamaliza kukusanya.

Ombi langu Mhariri, mkiandika tena habari hizi watafuteni waliomaliza muwaulize nani alilipia usafiri na wasaidizi wa msituni, kibali kilichukua muda gani, msimamizi alikuwa anasoma sura za tasnifu kwa wakati au alikaa nazo, takwimu walijifunzia darasani au walihangaika peke yao usiku. Mkinihitaji mimi nipo. Hata ile fomu yangu ya kukusanyia data ninayo bado, haina sehemu ya kuandika umetumia tepu gani, naweza kuipiga picha niwatumie muitoe gazetini waione kabla hawajachapisha za kwao.

Msomaji wenu,
Mhitimu wa masta ya misitu