Fonolojia Jumamosi: njooni na mifano ya kwenu

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi saa 3 asubuhi kikundi chetu cha fonolojia, yaani taaluma ya mpangilio wa sauti za lugha, tunakutana palepale, hapa Moshi mjini, karibu na Mnara wa Saa. Nukuu za nadharia kila mtu anazo, sitazirudia: vitabu vya wanaisimu Trubetzkoy 1939, Chomsky na Halle 1968, basi.

Ninachoomba ni tuache kukariri kanuni, tuzitafute wenyewe. Chukueni ulimi na ndimi, ubavu na mbavu, ukuta na kuta. Kiambishi cha wingi ni kilekile, nazali, yaani sauti ya puani kama n au m. Mbele ya l, hiyo l inageuka d. Mbele ya b, nazali yenyewe inakuwa m. Mbele ya k inapotea kabisa. Sasa jiulizeni: mbona katika nchi haipotei? Semeni neno hilo polepole, msikilize mkazo unaangukia wapi, kisha hesabuni silabi. Mimi jibu hilo lilinifurahisha siku nzima, kwa hiyo silitoi hapa.

Wenzetu mnaozungumza Kivunjo, Kimachame au Kirombo, lahaja za Kichaga, tunawategemea sana. Kiswahili sanifu hakina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, Kichaga kinayo, na nadharia ya mwanaisimu Goldsmith ya 1976 kuhusu toni huwezi kuielewa vizuri bila kuisikia toni kwa masikio yako. Mpigieni bibi simu, mwombeni ruhusa ya kumrekodi maneno kumi tu.

Dada uliyeuliza kuhusu matamshi ya neno barabara, lile la njia ya magari na lile la "sawasawa", swali lako ndilo tutaanza nalo.