Salma, hizo fulana zitoe kwanza

Salma mpendwa,

Habari za siku nyingi? Natumaini hujambo, na Mama hajambo baada ya yale ya goti. Sisi huku wazima. Kimya kimekuwa kirefu, lakini huo mpango uliompa Idi naye akanirushia umenifanya nikae niandike leo leo, maana umesema unafungua uanachama tarehe mosi.

Nyimbo zako zinastahili mashabiki wa kuzilipia kila mwezi, hilo sina shaka nalo. Kinachonitia hofu ni zile ngazi sita, na hasa ile ya $15 inayomwahidi kila mwanachama fulana mpya kila miezi mitatu. Hizo fulana zitoe, Salma. Zitoe kabla mtu hajalipa, kwa sababu ukishaahidi, kuziondoa baadaye kutawaumiza watu wale wale wanaokupenda kuliko wengine wote.

Chukua mtu mmoja wa ngazi hiyo. Kwa miezi mitatu amelipa $45. Toa makato ya jukwaa la mtandaoni linalokukusanyia malipo, toa makato ya kadi, kisha nunua fulana, ichapishe, ifungashe, ilipie posta. Aliye nchi ya mbali anaweza kukugharimu posta kushinda fulana yenyewe, ilhali analipa sawa na jirani yako. Halafu saizi: ukichapisha mapema utabaki na rundo la ndogo huku kubwa zimekwisha, ukisubiri oda, mchapishaji atakutoza ghali kwa sababu idadi ni ndogo. Vifurushi vingine vitarudi kwa anwani mbovu, na posta utalipa mara ya pili. Na kila mwanachama mpya anakuongezea mzigo. Wimbo ukiwapelekea watu 10 au watu 1,000, kazi ni ile ile, na hapo ndipo faida ya uanachama ilipo. Fulana inaifuta.

Weka ngazi tatu basi: $5, $10 na $25. Wa $5 apate wimbo mpya wiki moja kabla ya wengine, na rekodi ya sauti ya dakika chache kila mwezi ukieleza wimbo ulivyotungwa. Wa $10 aongezewe rasimu, beti ulizozikata, na faili za kupakua za WAV au FLAC, zile zenye sauti kamili isiyopunguzwa. Wa $25 apate hayo hayo, pamoja na jina lake kwenye maelezo ya albamu. Usiitafutie ngazi ya juu kazi mpya. Anayeichagua mara nyingi anataka tu uendelee kuimba, na asipoiona atalipa $10 akijua angeweza zaidi.

Ahadi yenyewe ipime kwa mwezi mbaya, ule ambao sauti imekauka na studio imefungwa. Unaweza kuitimiza kwa simu tu? Kama huwezi, ipunguze. Na usifungue mpaka uwe na vitu vya miezi miwili vilivyokwisha kutengenezwa, vinasubiri tu kutumwa.

Kuhusu ile ngazi ya $1, najua unataka kila mtu aweze kuingia. Lakini tazama makato. Kiwango cha kawaida cha Stripe, kampuni inayopitisha malipo ya kadi, kwa kadi za Marekani ni 2.9% pamoja na senti 30 kwa kila malipo, na kadi ya nchi nyingine huongezewa 1.5%. Hizo senti 30 hazijali ukubwa wa malipo. Kwenye $1, karibu theluthi imekwenda kabla jukwaa halijagusa chochote. Kwenye $5 ni kama 9%. Kwenye $10 ni kama 6%. Kisha jukwaa nalo linachukua lake. Patreon ni 10% kwa wanaoanza sasa, Substack 10%, Ko-fi 5% kwenye uanachama ukiwa na akaunti ya bure, Buy Me a Coffee 5%, na YouTube hubaki na 30% ya uanachama wa chaneli. Kwa hiyo jukwaa la 10%, likiwa na makato hayo ya kadi, linakuachia kama $4.05 kwenye $5, na kama senti 57 kwenye $1. Asiye na uwezo mpe nyimbo bure, naye akusambazie.

Usichague jukwaa kwa asilimia peke yake, lakini. Kwanza hakikisha pesa zinakufikia. Stripe haiko kila nchi, na PayPal nayo katika nchi nyingine hukuruhusu kulipa bila kupokea. Fungua akaunti ya kupokelea, mwombe Idi ajiunge kwa $5 ya kweli, kisha uzitoe mpaka zifike benki. Hapo ndipo utangaze.

Sasa jambo ambalo kwenye mpango wako silioni kabisa: watu kutoka. Umepiga hesabu ya kuingia tu. Ukiwa na wanachama 100 na kila mwezi 5% wanaondoka, baada ya mwaka wamebaki 54. Wakiondoka 10%, wamebaki 28. Wakiondoka 2%, wamebaki 78. Watu huondoka wakiona kimya, au wakiona wamelimbikiziwa vitu wasivyo na muda navyo hadi wanajisikia vibaya kulipia. Ndiyo maana narudia: kichache, kifike siku ile ile kila mwezi.

Wengine hawakutaka hata kuondoka, ni kadi tu imegoma, imeisha muda wake au haina salio. Jukwaa hujaribu tena, lakini usiliachie jukwaa peke yake. Kila mwezi, baada ya siku ya kutoza wanachama, fungua orodha ya malipo yaliyokataliwa umwandikie kila mmoja kwa jina lake, mistari miwili, bila kumlaumu. Na weka malipo ya mwaka kwa wa $5: $50 badala ya $60. Senti 30 zinakatwa mara moja badala ya mara 12, na kadi inapata nafasi moja tu ya kugoma. Kwa $5 za kila mwezi, makato ya kadi kwa mwaka ni kama $5.34, kwa $50 za mkupuo ni $1.75. Ila hizo $50 zigawe kwa miezi 12, usizile zote mwezi wa kwanza, kwa sababu kazi bado unadaiwa.

Kiungo unachotangaza kiwe cha tovuti. Mtu akijiunga kupitia programu ya iPhone, Apple inaweza kuchukua hadi 30%. Waambie wazi wajiunge kwa kivinjari.

Na barua pepe zao uzipakue kila mwezi uziweke kwako. Desemba 2017 Patreon ilitangaza kuwatoza wafadhili 2.9% na senti 35 juu ya kila mchango. Waliokuwa wakitoa dola moja moja kwa wasanii wengi ndio walioumia zaidi, wakaanza kujitoa. Mpango ulifutwa ndani ya wiki kama moja, lakini msanii asiye na orodha yake hakuwa na njia ya kuwafuata waliokwisha kuondoka.

Kuhusu yule mzee anayetaka kukulipia nusu ya bajeti yote: mshukuru, pokea, lakini usikodi studio kwa kumtegemea yeye. Mwaka 1809 mtunzi wa muziki Beethoven aliahidiwa florini 4,000 kwa mwaka na wakuu watatu: Mwanamfalme Rudolph 1,500, Kinsky 1,800, Lobkowitz 700. Mwaka 1811 sarafu ya Austria ikashushwa thamani, mwaka 1812 Kinsky akaanguka kwenye farasi akafa, na Lobkowitz akaishiwa. Walikuwa watatu tu, na mmoja wao alibeba karibu nusu.

Siku ya kufungua usianze na tangazo la watu wote. Wiki moja kabla, waandikie mmoja mmoja watu 20 wanaokujibu kila ukitoa wimbo, ili mgeni akifika akute tayari kuna watu ndani. Kama jukwaa linakata tarehe mosi kwa wote, usimwingize mtu tarehe 29, atakatwa mara mbili ndani ya siku chache na atakasirika kwa haki.

Fulana, kama unazipenda sana, ziuze mbali na uanachama, mara moja kwa mwaka. Fungua oda wiki mbili, pokea pesa na saizi, posta ailipie mnunuzi kulingana na aliko, ndipo uchapishe. Wanachama wape punguzo. Hapo hubaki na deni wala rundo.

Sasa nijibu. Una barua pepe ngapi mpaka leo, ukiacha wafuasi wa mitandao? Yule kaka wa studio mmeandikiana nani anamiliki rekodi, au bado ni maneno ya mdomo? Maana ukianza kuuza faili za WAV atakuja kudai. Akaunti ya kupokelea iko kwa jina lako au la shemeji? Nani atakujibia ujumbe ukiwa safarini? Ile tarehe mosi inaweza kusogea mwezi mmoja? Na Mama ameanza kupanda ngazi?

Nitumie mpango mpya ukishaupunguza, hata usiku, nitausoma.

Wako,
Rukia