Risala ya Kamati ya Kusikiliza na Kusaidia Wanafunzi mbele ya Mgeni wa Heshima, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mama Daktari, Mganga Mkuu wa Zoni yetu ya Afya,
Baba Mkurugenzi Mkuu wa Chuo,
Wakuu wa idara, maprofesa na maasistanti,
Mapadri na wachungaji mnaohudumu chuoni,
Wazazi wetu, pamoja na wenye nyumba mnaowapangisha wanafunzi Katuba, Kenya na Kampemba,
Mashefu wa promosyo, yaani viongozi wa kila darasa, na wanafunzi wote,

Jambo kwenu.

Mama Daktari, asante kwa kuacha kazi zako nyingi uje kutufungulia chumba hiki cha usikivu. Ni chumba kidogo: viti vitatu, meza, kabati la chuma lenye kufuli, na mlango unaotazama bustani ili anayeingia asipite mbele ya foleni ya wanaolipa minervali, yaani ada ya masomo. Mlango huo ulijadiliwa kwa muda mrefu, maana mwanafunzi anayeogopa kuonekana hatakuja. Kamati ina watu wanne: mwanasaikolojia, muuguzi wa zahanati, mwalimu mmoja na mtu wa apariteri, ofisi inayoandikisha wanafunzi. Hatukumweka mwanafunzi ndani yake. Si kwa kumdharau, bali kwa sababu faili ya mwenzake ni mzigo asiostahili kubebeshwa.

Wengi wakisikia habari zetu wanadhani tunashughulika na wale wanaofanya fujo oditwari, ukumbi wa masomo. Fujo huja mwisho. Kabla mwanafunzi hajamtukana asistanti mbele ya wenzake, mara nyingi yamepita majuma ambayo hakulala vizuri, hakula vizuri, hakuonekana kwenye TP (masomo ya vitendo), na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo tunatazama mabadiliko kuliko tabia yenyewe. Aliyezoeleka kuwa mpole hatumsumbui. Mchangamfu aliyenyamaza ghafla, msafi aliyeacha kuoga, mwenye alama nzuri aliyeacha kuleta kazi, hao tunawatafuta. Tunamtafuta pia anayegawa vitu vyake bila sababu na kuwaaga marafiki. Anayelala kwa muda wa saa mbili tu usiku kucha na bado anaongea mbio, anaahidi makubwa na kumaliza pesa za minervali kwa siku moja. Anayejibu sauti ambazo wengine hawazisikii. Anayenuka lutuku, pombe kali ya kienyeji, asubuhi kabla ya somo. Anayerudia kumtishia mtu yuleyule.

Ziko nyakati ambazo dalili hizi huongezeka, na kila ofisi inazijua: wiki ya kuonyesha bordero, yaani karatasi ya malipo ya benki, kabla ya mitihani, mtu anapotolewa kwenye mstari mbele ya wenzake kwa sababu ya deni, siku ya kutangaza matokeo, na baada ya kilio nyumbani, hasa kwa waliotoka mbali, Kalemie, Kamina au Kivu kwenye vita, ambao hawakuweza hata kwenda kuzika.

Ugumu wetu mkubwa ni kwamba habari za mwanafunzi mmoja zimetawanyika. Mwalimu anajua hiki, mwenye nyumba anajua kile, muuguzi anajua kingine, apariteri ana barua ya malalamiko. Kila mmoja akitazama cha kwake anaona jambo dogo. Marekani walijifunza hilo kwa damu. Tarehe 16 Aprili 2007, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Virginia Tech aliwaua watu 32. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba walimu, polisi wa chuo, wasimamizi wa mabweni na huduma ya ushauri walikuwa wamejua mambo yake zamani, kila mmoja upande wake, lakini hawakuyaunganisha. Wengine waliamini kimakosa kwamba sheria ya faragha inawafunga midomo hata penye hatari. Mwaka 2008 jimbo la Virginia likaagiza kwa sheria kila chuo cha umma kiwe na timu ya kupima vitisho. Hatukitaji kisa hicho ili kuwatia watu hofu. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu. Wao ndio wanaopigwa, wanaoibiwa na kufukuzwa nyumba. Tunakitaja kwa sababu hata hapa Lubumbashi ofisi nne zinaweza kumjua mtu mmoja na asipate msaada hata kutoka kwa moja.

Karatasi yetu ya taarifa ni ukurasa mmoja: tarehe, mahali, kilichoonekana, kilichosikika, waliokuwepo, na hatua iliyochukuliwa. Jina la ugonjwa hatulitaki. Mwalimu akiandika "ana pepo" au "ni mwenda wazimu", ametunyima habari. Akiandika "leo saa nne amesimama katikati ya somo, akasema wenzake wamefichiwa vinasa sauti, akatoka bila viatu", tunajua pa kuanzia. Shefu wa promosyo si lazima aandike. Aje tu aseme. Tunachomkataza kabisa ni kurusha video kwenye kikundi cha WhatsApp. Mgonjwa anaweza kupona, lakini akijua video yake imezunguka mji mzima, ataona haya kurudi.

Taarifa ikifika tunaipima kwa ngazi tatu. Kijani ni shida isiyo na hatari, kama deni, kilio au kuachwa na mchumba. Mjumbe mmoja anazungumza naye ndani ya juma. Njano ni mabadiliko makubwa au yanayoendelea. Ndani ya siku 2 mwanafunzi awe ameonwa, na kamati iwe imekaa. Nyekundu ni kutaka kujiua, kumtishia mtu kwa silaha au kwa mpango, au kuchanganyikiwa. Hapo ni saa ileile, na mtu huyo haachwi peke yake hata kidogo. Tukisitasita kati ya ngazi mbili tunachukua ya juu.

Kuhusu kuchanganyikiwa tunaomba kusikilizwa vizuri, kwa sababu hapo ndipo watu hufa bure. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo maneno yake hayashikamani, hamtambui rafiki, anaona visivyokuwepo: huyo tumhesabu kuwa mgonjwa wa mwili mpaka vipimo vikatae. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, homa ya matumbo, sukari iliyoshuka, pigo la kichwa au sumu ya pombe. Muuguzi anapima joto, sukari na malaria, na anaangalia kama shingo imekakamaa. Hata kipimo cha haraka cha malaria kikisema hapana, mwenye homa na kuchanganyikiwa anapelekwa hospitali ya Sendwe siku hiyohiyo, si kwenye chumba cha usikivu wala chumba cha maombi. Kifafa nacho kinadhaniwa kuwa pepo. Mwenye degedege hatiwi kijiko mdomoni na habanwi kwa nguvu. Tunaondoa vitu vya kumuumiza, tunaangalia saa, na ikitulia tunamlaza ubavu. Ikizidi dakika 5, ni hospitali.

Fujo ikitokea oditwari, mwalimu asibishane mbele ya watu. Ashushe sauti, amwite kwa jina, awape wote mapumziko ya dakika 10. Watazamaji wakitoka, mwenye fujo hana wa kumwonyesha. Asimame hatua mbili kutoka kwake, kiubavu kidogo, wala asizibe mlango. Watu wawili wanatosha. Watano wakimzunguka, hata mzima angetaka kupigana. Maneno yawe machache: "Kaka, naona jambo limekuumiza. Twende tukakae kivulini, mimi na wewe." Mlinzi abaki nje, karibu, bila fimbo. Lakini mtu akiwa ameshika kitu cha kuumiza, mwalimu anatoa darasa kwanza na kuita mlinzi. Projekta na madaftari yaachwe.

Swali la kujiua tunaliuliza waziwazi. Wengi wanaogopa kwamba kulitaja ni kumpa mtu wazo, ila Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba kuuliza hakumsukumi mtu, na mara nyingi kunampunguzia uzito. Tunasema: "Dada, umefikia kufikiri afadhali ufe? Umefikiri utafanyaje? Umeshaandaa? Lini?" Majibu yakishakuwa na njia na siku, hatari iko mlangoni. Alichokiandaa kinaondolewa na mtu anayemwamini, na usiku huo halali peke yake.

Kwa wa kijani na njano tunatumia karatasi ya maswali 9 iitwayo PHQ-9, ambayo ipo kwa Kiswahili. Inauliza juu ya majuma 2 yaliyopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 tunamfikisha kwa mtaalamu. Swali la 9, la kuwaza kufa au kujiumiza, tunalisoma kabla ya mengine: akiweka hata 1, jumla iwe ndogo namna gani, mtu anakaa naye hapohapo. Karatasi hii inaharibika pale inapojazwa kwenye benchi na kuingizwa kwenye faili bila kusomwa mpaka kesho yake.

Sasa nidhamu. Ugonjwa haufuti kosa: aliyevunja kioo atakilipa, na aliyepigwa ana haki yake. Lakini mjumbe anayesikiliza haketi kwenye baraza la nidhamu, wala faili ya mwanafunzi haifiki huko. Mwanafunzi akigundua siku moja kwamba aliyoyasema kwa siri yamegeuka ushahidi, yeye na promosyo yake yote hawatakanyaga hapa tena. Kamati inaliandikia baraza mambo mawili tu: kwamba anafuatiliwa, na kwamba shauri lingoje hadi tarehe fulani. Kumfukuza anayetisha kunaonekana kuwa suluhisho, lakini kunamwacha mtaani na hasira yake, bila wa kumtazama. Siri yenyewe ina mpaka, nao tunautaja dakika ya kwanza: maisha ya mtu yakiwa hatarini, tutawaambia wanaoweza kuokoa, na hao peke yao.

Baba zetu wa kiroho, hatupingani nanyi. Wanafunzi wengi huja kwenu kabla ya kuja kwetu, na tunafurahi wanapata pa kwenda. Tunawasihi mambo matatu: mgonjwa asilazimishwe kufunga kula, asifungwe kamba wala kupigwa, na asiambiwe aache dawa ili kuonyesha imani.

Tukimpeleka mtu kwenye kituo cha Joseph Guislain, hospitali ya magonjwa ya akili, hatumpi barua aende peke yake. Anasindikizwa, na barua inasema ilianza lini, anatumia dawa gani, kama kuna pombe au bangi, na ndugu gani aitwe. Dawa nazo zina mambo yake. Za huzuni huchukua majuma 2 hadi 4 kabla mtu hajaona nafuu, na wengi huziacha juma la kwanza wakisema hazifai. Baadhi ya zile za kutuliza sauti na hofu zinaweza, siku za mwanzo, kukakamaza shingo, taya au macho kupinda juu. Wenzake hudhani amerogwa. Ni madhara ya dawa, yana tiba, na anarudishwa hospitali mara moja bila kuiacha dawa kwa uamuzi wake. Akirudi chuoni, kabla hajaingia darasani, anakaa na mkuu wa idara kupanga kazi alizokosa na mitihani ipi iende kikao cha pili, yaani duru ya pili ya mitihani. Kama dawa inampa usingizi asubuhi, TP yake ihamishiwe mchana.

Mama Daktari, maombi yetu kwako ni haya. Utupe muuguzi wa afya ya akili wa zoni, mara moja kwa juma, katika chumba hiki. Uiingize zahanati yetu kwenye orodha ya wanaopata vipimo vya malaria na vya sukari, kwa sababu mara nyingi vinaisha na hapo tunabaki kukisia. Na uwaombe waganga wa hospitali waturudishie barua ya majibu baada ya kumwona mwanafunzi. Bila hiyo hatujui dawa wala tarehe ya kurudi kwake.

Kwako, Baba Mkurugenzi Mkuu, tunaomba ukaguzi wa bordero ufanyike ofisini siku moja kabla ya mtihani, usifanyike tena mlangoni pa oditwari.

Tunaomba kuwasilisha.